Sura ya Sita: Ukali Wenye Ladha

Kutengeneza kitu kinachowasha ni kazi nyepesi. Chukua ukufi mmoja wa pilipili kichaa, zitwange na chumvi kwenye kinu, na tayari unacho cha kumtoa mtu machozi. Kinachowashinda wengi ni kutengeneza pilipili kali ambayo mlaji, akishafuta jasho, ananyosha mkono kuifuata tena. Sura hii inaihusu hiyo ya pili: pilipili ya chupa, kali kwelikweli, iliyotengenezwa nyumbani, isiyooza wala kumdhuru mtu. Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Ukali huletwa na tunda lenyewe, na tunda linao wa kutosha. Kazi ya mpishi ni chumvi, uchachu na muda, na hapo ndipo chupa nyingi za majumbani zinapoharibikiwa.

Tuanzie sokoni. Iwe Kariakoo, Darajani au Kongowea, utakuta pilipili za aina mbili zinazofaa kazi hii. Ya kwanza ni pilipili mbuzi, ile fupi ya mviringo yenye mikunjo, kijani ikiwa changa, kisha njano, rangi ya chungwa au nyekundu ikiiva. Wataalamu wa mimea huiweka katika jamii ya Capsicum chinense, pamoja na habanero ya Yucatán huko Meksiko na Scotch bonnet ya Jamaika. Ya pili ni pilipili kichaa, ndogo na nyembamba, inayokaa mtini ncha ikitazama juu. Hiyo ni Capsicum frutescens. Kwa ukali, mbuzi mara nyingi huipita kichaa, lakini tofauti ninayoijali mimi ni ya mwenendo. Kichaa huchoma ncha ya ulimi papo hapo, kisha hutulia. Mbuzi hukuacha uonje kwanza, uisikie harufu yake ya tunda bivu, halafu moto unapanda kooni na kukaa. Kwa pilipili ya chupa naichagua mbuzi iliyoiva iwe msingi, na kichaa chache za kuipa makali ya mwanzo. Za kijani waachie wanaotengeneza achari. Zina ladha ya majani ambayo chupani haipungui.

Chagua zenye vikonyo vibichi na ngozi iliyokaza. Moja iliyoanza kuoza ndani huharibu harufu ya chupa nzima, na hakuna kiasi cha siki kitakachoificha. Afadhali ulipe zaidi kwa fungu zuri kuliko kununua zilizolala kwa sababu ni za bei ya kutupa.

Ukali huo una kipimo. Mwaka 1912 mfamasia wa Kimarekani, Wilbur Scoville, aliyefanya kazi katika kampuni ya dawa ya Parke-Davis mjini Detroit, aliloweka pilipili kwenye alkoholi, akawa anaizimua kwa maji ya sukari na kuwapa waonjaji 5. Aliendelea kuizimua mpaka wengi wao waliposema hawasikii tena mwasho. Kiasi alichoizimua ndicho kilichokuwa namba ya pilipili hiyo. Siku hizi mashine za maabara ndizo zinazopima, ila namba bado zinabeba jina lake. Jalapeño ya Meksiko iko kati ya 2,500 na 8,000. Kichaa kwa kawaida hucheza kati ya 50,000 na 100,000. Habanero na ndugu zake hufika 100,000 hadi 350,000. Juu ya hapo ni uwanja wa wanaoshindana. Bhut jolokia ya Assam, kaskazini mashariki mwa India, iliingia kitabu cha Guinness mwaka 2007 kwa kupita milioni 1. Carolina Reaper ya mkulima Ed Currie wa South Carolina ikaipita, na mwaka 2023 Currie huyohuyo akatoa Pepper X yenye wastani wa 2,693,000.

Mpishi wa nyumbani hana haja ya kuzifukuzia namba hizo. Mwaka 2018 jarida la BMJ Case Reports lilichapisha kisa cha mwanamume mmoja wa Marekani aliyekula Carolina Reaper kwenye mashindano, akaishia hospitali kwa maumivu makali ya kichwa; madaktari walikuta mishipa kadhaa ya ubongo imejibana. Alipona, lakini hakupata ladha yoyote ya kusimulia. Vilevile ziepuke zile sosi za madukani zinazoongezewa dondoo ya kapsaisini ili namba ipande. Zina uchungu wa dawa, na chakula kinapotea chini yake. Nusu kilo ya pilipili mbuzi bivu ina ukali wa kuitosha familia kubwa kwa miezi.

Kapsaisini ndicho kitu chenyewe kinachowasha. Wengi wanaamini kimo kwenye mbegu. Ukweli ni kwamba hutengenezwa kwenye ile nyama nyeupe ya ndani ambayo mbegu zimeishikilia, na mbegu hupakwa tu kwa kuwa jirani. Kwa hiyo kutoa mbegu hakupunguzi sana ukali, lakini kunaondoa uchungu na kuifanya sosi iwe laini. Ukitaka kupunguza moto kwa dhati, kwangua ile nyama nyeupe. Ukitaka moto kamili, iache na utoe mbegu tu. Hivyo ndivyo ninavyofanya.

Kuhusu mwili, jambo la kushangaza ni kwamba hakuna kinachoungua. Mwaka 1997 David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waligundua kipokezi kwenye neva zetu, TRPV1, ambacho kazi yake ni kutambua joto la kuumiza, kuanzia takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kapsaisini hukiamsha kipokezi hichohicho, na ubongo unapokea taarifa ya moto ilhali chakula kimeshapoa. Jasho, kamasi na moyo kwenda mbio ni mwili unavyojibu taarifa hiyo. Utafiti huo ulimpa Julius Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege wana kipokezi chao, lakini kapsaisini haikiamshi, ndiyo maana kunguru na shorewanda hudonoa pilipili kichaa bila kusita na kuzitawanya mbegu zake. Mti wenyewe umewachagua wabebaji: mnyama anayetafuna huua mbegu, ndege humeza nzima.

Asili ya mti huu ni Amerika, na huko Meksiko watu wamekuwa wakiitumia pilipili kwa maelfu ya miaka. Ilivuka bahari baada ya safari za Columbus, na Wareno ndio waliofanya kazi kubwa ya kuisambaza Afrika na Asia. Inashangaza jinsi ilivyokubalika upesi. Leo urojo wa Unguja bila pilipili ni uji wa embe, viazi karai vya Mombasa haviuziki bila ukwaju wenye pilipili, na mchoma mishkaki wa Dar es Salaam asiye na chachandu hupoteza wateja kwa jirani. Kongo ina pilipili yake ya mafuta mezani. Rwanda imeitia kwenye kichupa cha matone kinachoitwa Akabanga, na tone moja linatosha sahani.

Sasa twende kwenye kazi. Njia ninayoitetea ni ya kuchachusha, kwa sababu ndiyo inayogeuza ukali mtupu kuwa ladha. Kwenye Kisiwa cha Avery, Louisiana, familia ya McIlhenny imeifanya tangu Edmund McIlhenny alipoanza kutengeneza Tabasco yake mwaka 1868. Pilipili husagwa na chumvi, huwekwa kwenye mapipa ya mwaloni kwa muda unaoweza kufika miaka 3, kisha huchanganywa na siki. Na pilipili wanayotumia ni Capsicum frutescens, jamii moja na kichaa wetu anayeota nyuma ya jiko bila kupandwa na mtu.

Nyumbani huhitaji pipa. Unahitaji mtungi wa kioo wenye mdomo mpana, mizani ndogo na uvumilivu. Pima nusu kilo ya pilipili mbuzi zilizooshwa, kukaushwa na kutolewa vikonyo, gramu 100 za karoti au embe mbichi, na gramu 50 za kitunguu saumu. Jumla ni gramu 650. Chumvi iwe asilimia 3 ya uzito huo, yaani gramu 20 hivi. Chumvi ndiyo hesabu isiyokubali kukisiwa. Ikipungua, bakteria wa kuozesha hupata nafasi kabla wale wa uchachu hawajashika eneo; ikizidi sana, hata hao wa uchachu wanalala. Vijiko hudanganya, maana chumvi ya mawe na chumvi laini hazilingani kijikoni. Tumia mizani.

Saga vyote kwa blenda bila kulainisha sana, au twanga kwenye kinu. Jaza mtungi hadi robo tatu tu, kwa sababu mchanganyiko utaumuka. Ukandamize ili hewa itoke. Juu yake laza mfuko safi wa plastiki uliojazwa maji ya chumvi, ufunike uso wote, kisha ufunge kifuniko kwa kulegeza. Weka mahali pasipo jua, juu ya sahani ya kukinga kitakachomwagika. Baada ya siku moja au mbili utaona viputo. Hao ni bakteria wa jamii ya Lactobacillus, wale wanaogandisha maziwa, wakila sukari ya pilipili na kutoa asidi na gesi. Fungua kila siku gesi itoke, ukandamize tena. Kwa joto la pwani, siku 7 hadi 10 zinatosha. Arusha, Nairobi au Bukavu ngoja wiki 2 au 3.

Pua itakuambia mengi katika siku hizo. Mwanzoni harufu ni ya ubichi na kitunguu saumu kinatawala. Kisha inakuja harufu kali kidogo inayowatisha wasioizoea. Baadaye inatulia na kuwa chachu, safi, yenye utamu wa tunda kwa mbali, na rangi inang'aa zaidi. Hapo ndipo pilipili mbuzi inapopata kile ambacho siki peke yake haiwezi kuipa. Utando mweupe mwembamba ukitokea juu, ni hamira za porini; hazidhuru, uondoe kwa kijiko. Lakini ukungu wenye manyoya, wa kijani, mweusi au wa waridi, ni hukumu. Mwaga mtungi wote. Usikwangue juu na kutumia cha chini, hata kama pilipili ilikugharimu.

Uchachu ukishakuridhisha, rudisha kwenye blenda, ongeza siki ya asilimia 5 kama mililita 250, na usage hadi iwe laini. Soma chupa ya siki kabla ya kununua, kwa sababu zipo zinazouzwa zikiwa nyepesi kuliko hapo. Ipitishe kwenye chujio ukiipenda nyepesi ya kutiririka. Iache ukiipenda nzito ya kupakwa. Kisha ichemshe kwa moto mdogo dakika 10, madirisha yakiwa wazi na watoto wakiwa nje, maana mvuke wake hukohoza nyumba nzima. Kuchemsha kunawaua bakteria wa uchachu lakini hakuondoi ukali, kwani kapsaisini huvumilia joto la jikoni. Ukiamua kutoichemsha ili ladha ibaki hai, iweke kwenye friji na kifuniko usikikaze. Sosi hai iliyofungwa kwa nguvu na kuachwa kabatini hujaza gesi hadi chupa ipasuke.

Na hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo linalofuata linahusu uhai wa watu. Mwaka 1977 mjini Pontiac, Michigan, watu karibu 60 walipata botulizimu baada ya kula katika mgahawa mmoja pilipili jalapeño zilizofungwa kwenye mitungi kwa njia isiyo sahihi. Bakteria anayehusika, Clostridium botulinum, anaishi udongoni, hivyo anaweza kuja na mboga yoyote kutoka shambani. Chembe zake hustahimili maji yanayochemka. Hupenda mahali pasipo hewa na pasipo uchachu, na hapo hutoa sumu inayolemaza misuli mpaka ile ya kupumulia. Si lazima sumu hiyo ibadili rangi wala harufu ya chakula, kwa hiyo kuonja si kinga. Kinga ni asidi. Chini ya pH 4.6 hawezi kuota. Sosi ya nyumbani ilenge chini ya 4.0 ili ubaki na akiba, na karatasi za kupimia pH hupatikana kwenye maduka ya vifaa vya maabara na mtandaoni. Karoti, vitunguu na papai hupunguza uchachu. Kila ukiziongeza, ongeza siki au ndimu, kisha upime upya.

Hii ndiyo sababu nina maneno makali kuhusu pilipili ya mafuta. Ni tamu, naikubali, na kwenye samaki wa kuchoma haina mpinzani. Lakini pilipili mbichi na kitunguu saumu vikizamishwa kwenye mafuta, hewa inakatika na asidi haipo, na hayo ndiyo makazi anayoyataka bakteria huyo. Huko Vancouver, Kanada, mwaka 1985, watu 36 waliugua kwa sababu ya kitunguu saumu kilichosagwa na kuwekwa kwenye mafuta bila kuhifadhiwa kwenye baridi. Ukitengeneza pilipili ya mafuta nyumbani, tengeneza kidogo, iweke kwenye friji, na imalize ndani ya siku 4. Zile za viwandani zinazokaa rafuni hutengenezwa kwa udhibiti ambao jiko la kawaida halina.

Wasio na subira ya siku 10 wanayo njia ya haraka. Pilipili nusu kilo, siki mililita 500 na chumvi vijiko viwili vya chai vichemshwe pamoja dakika 15, visagwe, vitiwe chupani. Itawasha vizuri na itakaa. Itakachokosa ni kina.

Uchachu wa kuongezea ladha ndio uwanja wa mpishi kuonyesha mkono wake. Ukwaju uliolowekwa na kukamuliwa huipa sosi rangi ya udongo na uzito unaoshika nyama ya mishkaki. Embe mbichi hung'arisha na kufaa samaki. Ndimu itiwe mwisho, sosi ikishapoa, maana moto huiua harufu yake. Karoti nimeitaja kwenye kipimo kwa sababu nzuri: huko Belize, Marie Sharp amejenga jina lake kwa sosi ya habanero yenye karoti, na mtu akiionja anaelewa mara moja jinsi utamu wake unavyoupa ukali mahali pa kukaa bila kuuficha. Sukari ya kijiko kimoja inaruhusiwa. Nyanya siipendekezi, huipoza na kuifanya ifanane na tomato ya dukani. Tui la nazi na pilipili ni ndoa nzuri kwenye sufuria ya leo, ila lisiingie kwenye chupa ya kuwekwa.

Chupa zichemshwe dakika 10 na sosi imiminwe ikiwa bado ya moto. Andika tarehe. Ikichemshwa na kuwa na uchachu unaotakiwa, itakaa miezi kadhaa mahali penye kivuli. Ikishafunguliwa, ikae kwenye friji.

Vaa glavu tangu kukata hadi kuosha blenda. Mafuta ya asili ya pilipili hujificha kwenye kucha na mikunjo ya ngozi, na atakayegusa jicho la mtoto saa nne baadaye atajuta. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji. Mikono iliyopakwa isuguliwe kwanza kwa mafuta ya kupikia, kisha ioshwe kwa sabuni mara mbili. Jicho lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, na likiendelea kuuma mtu aende hospitali. Mdomo uliozidiwa utulizwe kwa maziwa au mtindi. Maji ya baridi husaidia kwa sekunde tu, kisha moto unarudi.

Wapo wasomaji ambao, chupa ya kwanza ikishatoka vizuri, wataanza kuombwa na majirani, na kuombwa kutageuka kuuza. Nawaunga mkono, pilipili yetu inastahili kukaa mezani penye sosi za kuagizwa kutoka nje. Lakini kabla ya kumuuzia mtu hata chupa moja, pimeni pH ya kila mkupuo na muiandike daftarini. Mlio Tanzania nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, mpate mafunzo ya usindikaji, kisha nendeni kwenye shirika la viwango, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, mpate alama ya ubora. Anayekula kwa mkono wako hana namna ya kuiona sumu, na kumlinda ni kazi yako wewe uliyeijaza chupa.